Moto Hauondoi Kila Sumu

Hotuba kwa wakazi wa mtaa mmoja wa Jiji la Tanga katika maadhimisho ya Siku ya Usalama wa Chakula Duniani, tarehe 7 Juni

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa, viongozi wetu wa dini, maafisa afya mliofika, akina mama, akina baba na vijana wote: asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na kwa kila mmoja wenu, habari za asubuhi.

Naomba kwanza mtazame meza iliyo mbele yangu. Leo asubuhi mimi na binti yangu tumepika kilo mbili za mchele kwa tui la nazi, na wali huo tumeuepua saa tatu kamili. Nusu yake tumeiacha ndani ya sufuria, kifuniko kikiwa juu, kama tunavyofanya sote majumbani. Nusu nyingine tumeimwaga kwenye sinia hili pana na kuitandaza mpaka ikawa na kina cha vidole viwili. Sasa ni saa nne. Nimemwomba katibu wa mtaa asome kipimajoto, naye ameniambia kwamba katikati ya sufuria kuna nyuzijoto 62, na katikati ya sinia kuna nyuzijoto 34. Tutapima tena nitakapomaliza.

Nimefundisha sayansi kimu kwa miaka 28. Nimewafundisha watoto wenu, na baadhi yenu mliokaa hapa, kunawa mikono, kuosha mboga kwa maji safi na kutenganisha nyama mbichi na chakula kilichoiva. Hayo yote bado nayasimamia. Lakini leo sikuja kuyarudia, kwa sababu mnayajua, na kwa sababu kuna jambo jingine ambalo naona halijasemwa vya kutosha. Nataka kusema juu ya imani iliyokaa jikoni mwetu tangu enzi za bibi zetu, kwamba moto unaponya kila kitu. Chakula tukikitilia shaka, tunakichemsha. Wali ukilala, tunaukaanga. Samaki akianza kulegea, tunamkaanga mpaka akauke. Mahindi yakiota ukungu, tunayapeleka mashineni, tunasonga ugali, tukiamini kwamba yaliyobaki jiko litayamaliza. Moto unaua vijidudu vingi, na Mungu ashukuriwe kwa hilo. Ila kumuua mdudu ni kazi moja, na kuiondoa sumu aliyokwisha kuiacha ndani ya chakula ni kazi nyingine, ambayo mara nyingi moto hauiwezi.

Niruhusuni nieleze jambo lililotokea nyumbani kwetu. Tulikuwa na hitima ya marehemu baba. Pilau ya wageni ilipikwa uani, ikaliwa ingali inatoa mvuke, wala hakuna aliyeumwa. Lakini alfajiri ya siku ile, mnamo saa kumi na moja, tulikuwa tumepika sufuria moja ya wali mweupe iwe akiba kwa ndugu waliokuwa wakitoka Korogwe na Lushoto. Tuliupalia kwa mkaa juu ya kifuniko, tukaufunika kanga usipoe, tukausogeza kwenye kona. Ndugu wale walifika mapema wakala pilau, na sufuria ikasahauliwa. Saa kumi na mbili jioni, wageni walipokwisha kuondoka, watoto wakaanza kudai chakula, nami nikaifunua sufuria ile kwa mkono wangu. Wali ulikuwa mweupe, haunuki, haujachacha, hauna utelezi, na bado una uvuguvugu. Nikaukaanga kwa kitunguu na bizari mpaka punje zikawa zinarukaruka kwenye karai, nikawapakulia. Kabla ya saa tatu usiku, watu saba walikuwa wakitapika, na mtoto wa mdogo wangu, ambaye hakuwa ametimiza miaka mitatu, alilazwa akatundikiwa dripu. Alipona, alhamdulillahi.

Jambo hilo halikuishia hospitali. Siku ile alikuwapo jirani aliyekuja kutusaidia kupepeta na kuchambua mchele, na haikupita wiki minong'ono ikaanza kwamba kuna mkono wa mtu. Mnajua maneno ya namna hiyo yanavyokwenda: hakuna anayeyasema waziwazi, ila ghafla mtu haalikwi, salamu yake inaitikiwa nusu, na sahani yake ya futari inapokewa kwa heshima kisha inamwagwa. Jirani yule aliacha kuja kwetu, nami sikumfuata. Ilipita miaka minne ndipo nilipohudhuria mafunzo ya walimu, mkufunzi akaeleza habari za wali uliolala, na pale nilipokaa nikaiona ile sufuria kama imewekwa mbele yangu. Niliporudi nilikwenda kwake, nikamweleza, nikamwomba radhi. Alinisamehe, lakini urafiki wetu haukurudi ulivyokuwa. Katika miji yetu watu wakiumwa baada ya shughuli, wa kwanza kushtakiwa ni binadamu mwenzetu, na sufuria haiulizwi ilikaa saa ngapi.

Basi ndani ya wali ule kulikuwa na nini? Hakuna aliyepeleka sampuli maabara, lakini aina ya chakula, saa zilizopita na namna ya ugonjwa vinalingana kabisa na kazi ya bakteria aitwaye Bacillus cereus. Huyu makao yake ni udongoni. Kwa hiyo yumo shambani, yumo kwenye mpunga, na yumo kwenye mchele tunaonunua, uwe wa Kyela, wa Shinyanga au wa hapa karibu Mombo, na kuosha hakumwondoi wote. Hali ikiwa mbaya kwake, hujigeuza kuwa kitu mfano wa mbegu ngumu, ambayo wataalamu huiita spora, na spora hiyo huvumilia maji yanayotokota. Wakati sufuria inachemka, vijidudu vingine vinakufa, yeye amelala. Wali unapopoa na kufikia ule uvuguvugu, anaamka. Anakuta washindani wake wote wamekwisha kufa, chakula kipo tele na unyevu upo, naye anaanza kuzaana. Wakishakuwa wengi, wanatoa sumu ya kutapisha ndani ya wali wenyewe, na sumu hiyo imepimwa maabara ikaonekana kustahimili nyuzijoto 121 kwa dakika 90. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, na wali wenye unyevu, hata uukaange namna gani, haufiki kwenye kiwango cha kuivunja. Mimi nilipokuwa nikigeuza mwiko kwa uangalifu wote ule, niliwaua bakteria, kisha nikawapakulia watoto sumu yao ikiwa nzima.

Wala si sisi wa kwanza. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, nchini Uingereza, walitokea wagonjwa wengi waliotapika saa chache baada ya kula wali wa kukaanga katika migahawa ya Kichina. Uchunguzi ulionyesha kwamba wapishi walichemsha wali mwingi kwa mara moja, wakauacha nje ya friji kwa muda mrefu kwa kuwa wali uliopoa kwenye friji hushikamana, halafu wakaukaanga upesi mteja alipoagiza. Nilipoisoma habari hiyo niliona ni jiko langu mwenyewe linaelezwa.

Wapo watakaosema saa chache si neno. Tupige hesabu. Penye joto linalowafaa, bakteria wengi hugawanyika kuwa wawili kila baada ya dakika 20 hivi. Mchukue mmoja tu. Baada ya saa moja wamekuwa 8. Baada ya saa nne ni 4,096. Baada ya saa nane ni zaidi ya milioni 16, na wali haukuanza na mmoja. Joto hilo linalowafaa liko kati ya nyuzijoto 5 na 60, na Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba chakula kilichoiva kisikae nje, katika joto la chumba, kwa zaidi ya saa mbili. Jijini kwetu hapa, kivulini, mchana wa kawaida una nyuzijoto kama 30. Sufuria hii mnayoiona, ilipopimwa nyuzijoto 62, ilikuwa juu kidogo ya mpaka. Hivi sasa ninavyozungumza inashuka na kuingia ndani ya eneo la hatari, na kwa kuwa tumeifunika vizuri, itakaa humo kwa saa nyingi. Kifuniko na kanga, ambavyo machoni petu ni ulinzi, vinaufanyia wali kazi ile ile ambayo kuku anayafanyia mayai aliyoyaatamia.

Naomba wenzangu Waislamu tuufikirie mwezi wa Ramadhani. Chakula cha futari huwa tayari saa kumi jioni. Tunafuturu, tunaswali, tunarudi kutoka tarawehe tumechoka, na kilichobaki kinaachwa mezani chini ya kawa kikingojea daku. Kutoka saa kumi jioni hadi saa kumi alfajiri ni saa 12. Halafu mtu anaamka na tumbo linalosokota, na kwa kuwa amefunga anadhani ni vidonda vya tumbo, au ni ile pilipili ya mchuzi. Ninachoomba ni kidogo: mara tu baada ya kufuturu, kabla ya kutoka kwenda msikitini, kile kitakacholiwa daku kitengwe, kitandazwe kipoe, kiingie ndani ya friji, na alfajiri kipashwe moto mpaka kitoe mvuke hadi katikati. Nyumba isiyo na friji ipike daku upya, hata ikiwa ni uji na mayai ya kuchemsha, au ile tende, ndizi mbivu na mkate. Wenzetu Wakristo mnayo mikesha yenu na sikukuu zenu, na hesabu ya saa ni ile ile.

Sikuja hapa kuuharamisha mwiku, ambao wenzetu wa bara wanauita kiporo. Wengi wetu tumekua tukila mwiku kwa chai ya rangi kabla ya kwenda shule, na najua kwamba kumwaga chakula kunauma, kwa sababu ya gharama na kwa sababu ya dini zetu zinazokataza israfu. Ninachosema ni kwamba mwiku mzuri hutengenezwa usiku. Asubuhi mambo yamekwisha kuamuliwa. Mkishakula, msiuache wali ndani ya sufuria. Umwageni kwenye sinia, uutandazeni, uufunikeni kwa kitambaa chepesi au kawa ili nzi wasitue, na ukishapoa, kabla saa mbili hazijapita tangu kuepuliwa, uingie kwenye friji katika vyombo vidogo. Sufuria nzima ya moto ikisukumwa ndani ya friji, katikati yake hubaki na uvuguvugu kwa saa nyingi, na joto lake huenda kwenye maziwa na mboga zilizo jirani nayo. Kesho yake wali upashwe moto mara moja tu, uliwe wote. Na umeme ukikatika, mlango wa friji usifunguliwe. Friji iliyofungwa hutunza ubaridi kwa muda wa saa nne hivi, baada ya hapo muihesabu kuwa kabati.

Mchuzi wa nyama na maharage vina bakteria mwingine, Clostridium perfringens, naye pia huacha spora zinazovumilia mchemko. Huyu anapenda mahali pasipo hewa, na katikati ya sufuria kubwa ya mchuzi iliyokwisha kutokota ndipo mahali penyewe. Kwenye nyuzijoto kama 43 hadi 45 anaweza kuongezeka maradufu ndani ya dakika 10 tu. Ndiye anayewapata wageni wa harusi usiku wa manane, kwa mkato wa tumbo na kuharisha, wakati karamu imekwisha kusahauliwa. Ila kwake yeye moto unasaidia: mchuzi ukirudishwa jikoni ukachemka hasa, ukatokota sufuria nzima, bakteria hao wanakufa kabla hawajafika tumboni. Hatari ni ile tabia ya kuupasha mchuzi kidogo tu, kuutoa ubaridi, kwa kuokoa gesi. Na mchuzi unaokusudiwa kulala, gawanyeni katika vyombo, au wekeni sufuria ndani ya beseni la maji baridi mkiukoroga na kubadilisha maji yanapopata joto. Mtashangaa unavyopoa upesi.

Sasa niseme juu ya hotpoti, maana siku hizi hakuna harusi isiyotoa zawadi ya hotpoti. Ni chombo kizuri kwa sharti moja: kinatunza joto kinalolikuta, hakiongezi hata nyuzi moja. Chakula kikiingia kikiwa kinatoa mvuke, ndani ya hotpoti iliyosuuzwa kwanza kwa maji ya moto na kujazwa vizuri, kitakaa juu ya nyuzijoto 60 kwa saa kadhaa, na mtu akila ndani ya muda huo hana wasiwasi. Chakula kikiingia kimeshapoa, au kikawekwa kidogo ndani ya chombo kikubwa, basi tumewajengea bakteria nyumba yenye paa na kuta nene. Akina mama mnaowafungia watoto chakula cha shule saa kumi na mbili asubuhi, kikaliwa saa saba mchana, hizo ni saa saba. Ukimfungia mtoto wali, uwe umepikwa asubuhi ile ile na kufungwa wa moto. Ikiwa hilo haliwezekani, mfungie viazi vikavu vya kukaanga, chapati, ndizi au machungwa.

Na chupa ya chai yenye uji wa mtoto mchanga. Hapa nitasimama kidogo, kwa sababu hapa ndipo moyo wangu ulipo. Mama anayekwenda kibaruani anapika uji wa unga wa lishe alfajiri, anauacha upoe mpaka mtoto aweze kuunywa, anaumimina kwenye chupa, na dada wa nyumbani anamnywesha mtoto kutoka chupa hiyo mpaka jioni. Uji ule umewekwa katika joto la mwili wa binadamu, una sukari, mara nyingine una maziwa na karanga. Katika makadirio yaliyotolewa mwaka 2015, Shirika la Afya Duniani lilisema kwamba kila mwaka watu milioni 600 duniani huugua kwa sababu ya chakula na 420,000 hufariki, na kati ya hao wanaofariki, 125,000 ni watoto walio chini ya miaka mitano. Bara letu la Afrika limo katika maeneo yaliyobeba mzigo mzito zaidi. Ninapoziona tarakimu hizo naiona ile chupa. Mama, unga wa kavu haudhuriki kwa kungoja. Pima unga wa kila mlo katika vikombe viwili au vitatu, uviache vikiwa vimefunikwa, na anayebaki na mtoto apike uji kidogo kila unapohitajika. Kazi inaongezeka, nakubali, na mkaa unatumika zaidi. Kwa mtoto wa umri huo siioni njia nyingine ninayoweza kuipendekeza bila kusita.

Mpaka hapa nimezungumzia sumu zinazoingia baada ya moto. Zipo zinazoingia kabla, na hizo nazo moto hauzitoi.

Sisi ni watu wa samaki. Jodari, vibua na wenzao wa jamii hiyo, wakikaa juani bila barafu, bakteria hugeuza sehemu ya nyama yao kuwa kemikali iitwayo histamini. Mlaji anawashwa mdomo, uso unakuwa mwekundu, kichwa kinagonga na moyo unakwenda mbio, mara nyingine ndani ya dakika chache, na watu husema ana mzio wa samaki. Kumkaanga samaki huyo hakusaidii, wala ndimu na chumvi hazisaidii. Unapokwenda kununua samaki huko ufukweni kwetu, Deep Sea au Sahare, mtazame jicho na shavu, lakini pia utazame amelala juu ya nini. Aliyelala juu ya barafu tangu chomboni ni bora kuliko aliyemwagiwa maji sasa hivi ili ang'ae. Nawe uende na ndoo yenye barafu, urudi nyumbani moja kwa moja.

Mahindi na karanga zina sumukuvu, inayotolewa na ukungu. Mwaka 2004, kwa wenzetu wa Kenya, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafariki baada ya kula mahindi yenye sumu hiyo. Mwaka 2016 ikawa zamu yetu: katika mikoa ya Dodoma na Manyara waliugua watu 68, wakafariki 20. Ugali wa mahindi yale uliiva kama ugali mwingine wowote. Kazi ya jikoni kwetu ni kuchambua kabla ya kusaga: punje iliyovunjika, iliyobadilika rangi, yenye ukungu au iliyosinyaa itolewe, na karanga vivyo hivyo, hasa zile zinazokwenda kwenye unga wa lishe wa mtoto. Zilizotolewa wasipewe kuku, kwa kuwa sumu hiyo huwadhuru na wao. Muhogo mchungu nao hauponi kwa kuchemshwa tu. Huhitaji kumenywa, kulowekwa kwa siku kadhaa na kukaushwa vizuri kabla ya kuwa unga wa bada. Kasese, magharibi ya Uganda, mwezi Septemba 2017, watu 98 waliugua na wawili wakafariki kwa kula ugali wa unga wa muhogo ambao sumu yake haikuondolewa, nao wa kwanza kuugua walikuwa wametoka mazikoni.

Na ng'ambo ya maji hapo, Kisiwa Panza, Pemba, mwezi Machi 2024, watoto wanane na mtu mzima mmoja walifariki, na wengine 78 wakalazwa, kwa kula nyama ya kasa. Si kila kasa ana sumu, na hilo ndilo linalowadanganya watu. Lakini aliye nayo hatambuliki kwa macho, na sumu yake haitoki kwa kuchemshwa. Sheria inakataza kumvua, na hata isingekataza, mimi nisingemweka ndani ya sufuria yangu.

Nisije nikaeleweka vibaya nikaonekana naudharau moto. Kuku anatakiwa aive mpaka kwenye mfupa, maji yake yawe meupe, yasiwe na wekundu. Hapo amepita nyuzijoto 70 na vijidudu vyake vimekufa. Maziwa ya ng'ombe yachemshwe. Maharage mekundu yalowekwe usiku, maji yale yamwagwe, kisha yatokote kwa nguvu kwa dakika zisizopungua 10 kabla ya kupunguza moto, maana yakipikwa kwa moto wa chini tangu mwanzo bila kutokota yanaweza kumtapisha mtu. Katika mambo hayo moto ni rafiki wa kweli. Kinachonitia hofu ni chakula ambacho hakirudi tena motoni. Kisu na kibao vilivyokata kuku mbichi vikikata nyanya za kachumbari, kachumbari haiendi jikoni. Inakwenda moja kwa moja mdomoni. Na mkono wenye kidonda au jipu, unaochambua nyama iliyoiva kwa ajili ya sambusa, unaacha bakteria aitwaye Staphylococcus aureus, ambaye sumu yake nayo haivunjwi na mafuta ya moto. Mwenye kidonda apumzishwe siku hiyo, apewe kazi ya kupokea wageni.

Na mtu akishaumwa? Nimeona watu wakimkimbiza mgonjwa kwa glasi ya maziwa wakidhani maziwa huondoa sumu. Hayaiondoi. Anachohitaji ni kurudishiwa maji: chumvi maalumu za pakiti zinazopatikana zahanati na duka la dawa, au zikikosekana, lita moja ya maji safi yaliyotiwa vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, anyweshwe kidogo kidogo hata kama anatapika. Mtoto aendelee kunyonya. Asipewe vidonge vya kufunga tumbo. Akiharisha damu, akiwa na homa kali, macho yakibonyea, akikaa saa nyingi bila kukojoa, akilegea au akishindwa kunywa, msingoje kukuche. Na mchukue mabaki ya chakula kile kwenye chombo safi, mmpe mhudumu wa afya. Laiti mimi ningefanya hivyo usiku ule, huenda nisingempoteza jirani yangu.

Katibu, tafadhali sogea na kipimajoto.

Sasa ni saa nne na nusu. Mmemsikia: sinia, nyuzijoto 30. Katikati ya sufuria, nyuzijoto 52. Naomba mama mmoja wa mstari wa mbele aje aweke kiganja ubavuni mwa sufuria, awaambie wenzake anavyoisikia. Amesema ni ya moto. Ndivyo nilivyoisikia na mimi jioni ile.

Wali huu una umri wa saa moja na nusu, kwa hiyo wa sinia na wa sufuria yote bado inafaa kuliwa. Mchuzi wa vibua uko jikoni kwa mwenyekiti, unatokota. Maji na sabuni viko mlangoni, na sahani zinaanza kutolewa sasa, ili kabla ya saa tano pasiwe na punje iliyobaki.